Mambo ya Nyumbani: Akina Dada Wanapokwenda Nairobi Kununua Vitu

Katika nchi ya Waluhya mtoto wa kike haolewi katika ukoo wake mwenyewe. Kwa hiyo akina dada waliozaliwa katika nyumba moja huko Lurambi, waliochota maji katika kijito kimoja na kulala chumba kimoja, wakisha kuolewa hutawanyika. Mmoja huenda Mumias, mwingine Malava, mwingine Vihiga. Kila mmoja hupata mama mkwe wake, shamba lake na watoto wake, na miaka hupita upesi. Mtu akiuliza ndugu hawa walikaa pamoja lini mara ya mwisho, jibu mara nyingi ni moja: matangani. Hukutana wakilia, na huagana kabla machozi hayajakauka, kwa kuwa nyumbani kwa mtu kuna ng'ombe anayengoja kukamuliwa.

Siku hizi imeingia desturi nyingine. Akina dada huweka akiba kidogo kidogo, huchagua siku, kisha hupanda basi kwenda Nairobi kununua vitu na kutembea mjini kwa siku mbili au tatu. Wako wanaoisifu desturi hii, na wako wanaoilaumu. Waume wengi huuliza: Ni kitu gani kilichoko Nairobi kisichopatikana katika soko la Kakamega? Swali hili si baya, wala halikuulizwa kwa ubaya. Lakini lastahili kujibiwa kwa hesabu, si kwa hasira.

Yafaa kwanza kukumbuka kwamba safari yenyewe si mpya. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na tawi lake la kwenda Butere likafunguliwa mwaka 1930. Tangu hapo watu wa Kakamega wamekuwa wakienda na kurudi Nairobi kwa wingi. Wanaume walikwenda kutafuta kazi katika reli, katika ofisi na majumbani mwa watu, na wake zao waliwafuata kuwatazama katika mitaa kama Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940. Mwanamke wa siku zile alikwenda na unga na kuku, akarudi na leso na sufuria. Lakini alikwenda kwa mumewe. Mji ulihesabiwa kuwa mahali pa wanaume, na baadhi ya vyama vya makabila vilikuwa vikiwarudisha makwao wanawake walioonekana mjini peke yao. Basi lililo jipya leo ni kwamba mwanamke huenda kwa fedha zake mwenyewe, pamoja na ndugu yake, na hapana mtu anayeweza kumzuia kituoni.

Sasa hesabu. Wachukuliwe dada watatu wa mfano tu. Wa kwanza ni mwalimu, na ana mshahara. Wa pili huuza mboga na ndizi sokoni. Wa tatu ameolewa juzi juzi, na ndiye mwenye shauku kubwa ya kuuona mji. Nauli ya kwenda na kurudi ikiwa Sh. 3,000/- kwa kila mmoja, wote watatu watalipa Sh. 9,000/- kabla ya kununua hata kitambaa cha mkono. Ikiwa kila nguo ni nafuu kwa Sh. 150/- huko Nairobi kuliko Kakamega, itawapasa kununua nguo 60 ndipo nauli irudi. Je, ni nani kati yao mwenye haja ya nguo 60, au mwenye fedha za kuzinunua?

Hesabu hii yaonyesha jambo ambalo wengi hawapendi kulikiri. Mtu anunuaye vitu vya nyumba yake peke yake haokoi fedha kwa kwenda Nairobi. Wanaookoa ni wafanya biashara wanunuao kwa jumla, na hao ndio wanaoleta bidhaa Kakamega na kuziuza kwa faida ndogo. Kwa hiyo dada anayemwambia mumewe, "Nakwenda Nairobi kwa kuwa vitu ni rahisi," anajidanganya, na siku ya kurudi hesabu itamwumbua. Heri aseme kweli tangu mwanzo: "Nakwenda kukaa na ndugu zangu siku mbili, na nitanunua vitu kadhaa." Maneno haya hayana aibu. Fedha za safari si za kununulia nguo tu. Ni za kununulia muda wa kuwa pamoja. Muda huo una bei, kama kila kitu, na ni juu yao kuamua kama wanaiweza.

Hapo ndipo hatari ya kwanza inapojificha, nayo haiko Nairobi, iko nyumbani. Tuseme dada mwalimu apendekeza kila mmoja atoe Sh. 20,000/-. Kwake yeye si jambo zito. Yule muuza mboga anyamaza kidogo, kisha asema, "Sawa, dada." Lakini hana fedha hizo. Kwa kuona haya mbele ya ndugu zake, anakwenda kukopa katika chama chake cha akina mama, akijua kwamba mwezi wa Januari ada ya shule itamngoja. Safari iliyokusudiwa kuwaunganisha imekwisha kumtia mmoja wao katika deni la siri, na huko Nairobi atacheka pamoja nao huku moyo wake ukihesabu riba.

Dada mkubwa mwenye busara hapendekezi kiasi cha fedha kwa kutazama mfuko wake mwenyewe. Hutazama mfuko wa aliye na kidogo kuliko wote, naye hufanya hivyo pasipo kumwaibisha. Njia nzuri ni kumwuliza kila mmoja faraghani ni kiasi gani anachoweza kukitoa bila kukopa, kisha kuchagua kile kilicho kidogo kabisa kiwe sheria ya wote. Kundi huenda kwa mwendo wa aliye nyuma. Kama kiasi hicho hakitoshi, safari na iahirishwe miezi mitatu, wala hapana ubaya. Nairobi haihami.

Tuseme basi kwamba wamekubaliana kutoa Sh. 8,000/- kila mmoja. Jumla ni Sh. 24,000/-. Nauli ni Sh. 9,000/-. Chakula cha njiani na matatu za mjini wazitengee Sh. 3,000/-. Zabaki Sh. 12,000/-. Zawadi ya mama yao iwe Sh. 1,500/-, nayo itolewe katika mfuko wa wote, ili mama asipate kusema kwamba huyu ananipenda kuliko yule. Zilizobaki, Sh. 10,500/-, zigawanywe sawasawa: kila mmoja Sh. 3,500/-, afanye nazo apendavyo. Hesabu yote iandikwe katika daftari ndogo, na mmoja awe mtunzaji wake. Wahenga walisema: Mali bila daftari huisha bila habari.

Malazi hayakutiwa katika hesabu hiyo, kwa sababu watu wa Kakamega wana ndugu wengi Nairobi, hasa katika mitaa ya Kangemi na Kawangware. Lakini kufikia kwa ndugu kuna adabu zake. Mwenyeji aarifiwe mapema, siyo kupigiwa simu usiku basi likiwa limefika Nakuru. Wageni wasiende mikono mitupu: kuku, unga wa mahindi na mboga za kienyeji ni mali kubwa kwa mtu anayenunua kila kitu mjini. Tena wakumbuke kwamba nyumba ya mjini yaweza kuwa chumba kimoja tu, na mwenye nyumba huamka alfajiri kwenda kazini. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Mjini hapana jembe, lakini kuna vyombo vya kuosha.

Kutoka Kakamega hadi Nairobi ni mwendo wa kilomita zipatazo 400. Wengi hupanda basi la usiku wakafika mapema asubuhi. Wakifika kabla ya mapambazuko, ni afadhali wakae ndani ya kituo mpaka kuche, kuliko kutembea barabarani na mizigo gizani. Na kama safari ni ya Juni au Julai, kila mmoja achukue sweta, maana baridi ya Nairobi katika miezi hiyo haina mchezo.

Masoko ya Nairobi ni mengi, na kila moja lina sifa yake. Asiyejua tofauti zake hupoteza siku nzima akizunguka.

Gikomba, karibu na Pumwani, ndilo soko lenye jina kubwa la mitumba. Neno mtumba maana yake ni furushi, na nguo zikapewa jina la furushi linalozileta. Wafanya biashara hufika huko alfajiri, mafurushi yanapofunguliwa, kwa kuwa wa kwanza huchagua nguo bora. Nguo hizo bora wauzaji huziita kamera. Zile za mwisho, zilizokwisha kupekuliwa na kila mtu, huitwa fagia. Mgeni anayefika saa sita mchana asishangae akiona fagia peke yake. Tena soko hili limeungua mara nyingi. Moto wa tarehe 28 Juni 2018 uliua watu wapatao 15. Kwa hiyo mtu aingiapo katika vichochoro vyake atazame njia ya kutokea.

Kamukunji, jirani na Gikomba, ni mahali pa vyombo vya nyumbani. Huko mafundi wa jua kali hugonga bati mchana kutwa wakitengeneza majiko, sufuria na masanduku ya wanafunzi, na maduka ya jumla huuza beseni, sahani na vikombe kwa dazeni. Hapa ndipo dada watatu wanapoweza kupata nafuu ya kweli, wakinunua dazeni moja na kugawana, kila mmoja akachukua vikombe vinne.

Biashara Street, ambayo zamani iliitwa Bazaar Street, hujulikana kwa leso, vitambaa na nguo za watoto. Eastleigh nako kuna majumba marefu ya maduka, ambayo yalianza kuongezeka katika miaka ya 1990, wakati wafanya biashara Wasomali walipogeuza nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge kuwa maduka madogo madogo. Huko hupatikana mapazia, mashuka na vitambaa vya kila rangi. Nalo soko la Kariokor, lililopata jina lake kutokana na wapagazi wa Kiafrika waliochukua mizigo ya jeshi katika vita vya 1914 hadi 1918, huuza vikapu na kazi za mikono.

Juu ya vitambaa liko shauri moja linalofaa kufikiriwa. Badala ya kununua magauni yaliyoshonwa tayari, dada hao waweza kununua kitambaa kirefu kimoja, wakakigawa mara tatu, kisha kila mmoja akampelekea fundi cherehani wa kwao. Kitambaa kinunuliwacho pamoja mara nyingi hupunguzwa bei. Nguo humkaa mtu sawasawa. Na fedha ya ushonaji hubaki Kakamega, mikononi mwa fundi ambaye naye ana watoto shuleni.

Jambo hili la nguo si dogo. Zamani watu wa magharibi ya Kenya hawakuwa na haja ya kutazama mbali. Kisumu, mwendo wa kilomita 50 hivi kutoka Kakamega, palikuwa na kiwanda cha pamba cha KICOMI, na Eldoret kikajengwa Rivatex katika miaka ya 1970. KICOMI kilifunga milango yake katika miaka ya 1990, na Rivatex nacho kikaanguka, ingawa kilifufuliwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi na kufunguliwa tena mwaka 2019. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kupunguza mitumba hata ikome, ili viwanda vya nyumbani vipate nafasi. Marekani ikaonya kwamba nchi itakayofanya hivyo yaweza kupoteza nafasi ya kuuza bidhaa zake huko bila ushuru. Kenya ikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia neno lake, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafasi hiyo. Kwa hiyo blauzi anayoichagua dada katika lundo la Gikomba ina mambo mengi nyuma yake kuliko rangi na kipimo. Hapana anayeweza kumlaumu maskini kwa kununua kile anachokiweza, lakini yafaa mnunuzi ajue.

Wako akina dada wanaopata tamaa wakifika Gikomba, wakaona bora wanunue furushi zima wakaliuze Lurambi. Biashara hii imewainua wengi, na imewaangusha wengi. Furushi huuzwa likiwa limefungwa, na mnunuzi haoni kilichomo mpaka amekwisha kulipa na kukata kamba. Huenda akakuta nguo nzuri, na huenda akakuta makoti mazito ya theluji. Biashara ya namna hiyo haianzishwi katika safari ya kutembea, kwa fedha ya zawadi ya mama. Anayeitaka kwanza akae mwezi mzima karibu na mtu aifanyaye Kakamega, ajifunze.

Katika ununuzi kuna mambo matatu ya kuangalia. La kwanza ni mifuko. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imekatazwa na sheria katika Kenya, na faini yake ni kubwa sana. Basi kila dada achukue kiondo chake au mfuko wa nguo kutoka nyumbani. La pili ni fedha. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 hapana haja ya kufunga noti katika pindo la leso. Lakini simu nayo ina wezi wake. Namba ya siri asiambiwe mtu yeyote, hata akijiita mfanyakazi wa kampuni ya simu. Kabla ya kulipa, msomaji asome jina linalotokea katika simu, alilinganishe na jina la duka. La tatu ni risiti. Mwuzaji anayekataa kuandika risiti ya chombo cha thamani amekwisha kusema mengi juu ya chombo hicho.

Yabaki neno kwa waume. Wengine hunung'unika kwamba mke anatapanya mali ya nyumba. Lakini mali ya nyumba ni jasho la nani? Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inatambua kwamba kazi za nyumbani, ulezi wa watoto na kazi ya shamba ni mchango wa kweli katika mali, ingawa haukulipwa mshahara. Mwanamke aliyepalilia mahindi msimu mzima, akauza mboga na kuweka akiba Sh. 200/- kila juma, hakumwibia mtu. Mume wake anapokwenda mjini mwisho wa mwezi akarudi usiku, haulizwi sana alikokuwa. Hata hivyo ruhusa na kuagana ni heshima ya pande mbili: mke aseme aendako na siku ya kurudi, na mume aonyeshe kwamba aweza kupika uji na kukamua ng'ombe kwa siku tatu. Watoto wakimwona baba yao akifanya hivyo, hawatamdharau. Watajifunza.

Na faida ya safari ni ipi, kama si bei rahisi? Ni ile isiyoandikika katika daftari. Katika basi, usiku, mtu huweza kusema maneno ambayo hawezi kuyasema katika simu, kwa kuwa simu husikilizwa na jirani, na matangani husikilizwa na ukoo mzima. Pengine yule muuza mboga atasema juu ya ada ya shule. Pengine yule bibi arusi atauliza jambo ambalo hawezi kumwuliza mama mkwe. Na yule mwalimu, aliyedhaniwa na wote kuwa hana shida, huenda akasema kwamba usingizi umempotea tangu mwaka jana. Dada mmoja akijua shida ya mwenziwe mapema, shida hiyo yaweza kutibika. Akiijua jeneza likiwa limefika, amechelewa. Tena ndugu wanaopatana ni ngome: Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune.

Wakirudi, mtunza daftari asome hesabu mbele ya wenzake, na shilingi zilizobaki zigawanywe au ziwe mwanzo wa akiba ya safari nyingine. Leso za mama zipelekwe na wote watatu kwa pamoja, siku moja, kabla hawajatawanyika tena.

Wanaokusudia kwenda wasichague Januari, wakati wa ada, wala Desemba, wakati nauli zinapopanda na mabasi yanapojaa. Mahindi yakisha kuvunwa na kuanikwa, na watoto wakiwa shuleni, ndio wakati mwema. Anayeanza leo kuweka Sh. 200/- kila juma atakuwa na Sh. 8,000/- baada ya majuma 40, bila deni kwa mtu yeyote.